Jumamosi ile redio ilisema mama yetu amejitoa

Jumamosi ya tarehe 6 Agosti 2022, saa moja jioni, nilikua nimekaa kwa duka langu la M-Pesa na vijana wetu watatu tunagawanya barua za maajenti wetu wa kusimamia kura, kila barua na kituo chake, kampeni zilikua zimefungwa rasmi saa kumi na mbili yaani lisaa limoja tu limepita, tumechoka ile ya kufa lakini roho safi manake tulimaliza bila fujo na bila mtu kuumia. Redio iko juu ya friji ya soda inasoma taarifa. Ikafika habari za kaunti, mtangazaji akataja wadi yetu, tukanyamaza wote, akasema mgombea huru wa kike amejiondoa kwenye kinyang'anyiro na anamuunga mkono mwenzake wa chama. Akaenda habari nyingine. Sekunde kumi na tano hivi, haizidi.

Simu ikaanza kulia. Wa kwanza alikua mgombea mwenyewe, mama yetu tuliekua tunampigia kampeni, alikua kwake ameweka miguu kwa beseni la maji moto, akaniuliza kwa sauti ya polepole, "Mwanangu, mimi nimejitoa saa ngapi?"

Naandika haya manake 2027 inakaribia na naona vijana wengi huku kwetu Kilifi wanajipanga kusimama ama kusimamisha watu wao kwa viti vya MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwa bunge la kaunti, na wote wanakuja kuniuliza mambo ya pesa na mabango na tisheti, hakuna hata mmoja ameniuliza habari ya redio. Na mimi ningeulizwa leo ningeanza na redio.

Mama tunaemzungumzia alikua nesi wa zahanati yetu miaka mingi sana, nusu ya vijana wanaoendesha boda pale steji kawapokea yeye kwa mikono yake. Alipostaafu akasema anataka kiti kwa sababu moja, maji. Bomba kubwa la kutoka Baricho linapita karibu na kwetu linaenda kunywesha miji mikubwa, sisi tunaliona likipita halafu tunaamka saa kumi alfajiri kutafuta mtungi. Mwaka ule Kilifi kelele zote zilikua za vyama vya ODM, UDA na PAA, chama cha gavana Kingi aliekua anamaliza awamu yake ya pili, mtu huru hana nafasi ya kusikika. Lakini ada ya tume ya uchaguzi kwa MCA ilikua elfu tano na wanawake wanalipa nusu, elfu mbili na mia tano, hiyo tulichanga siku moja kwa chama cha kina mama tukamaliza. Kazi ilikua zile sahihi. Mgombea huru wa wadi anatakiwa awe na wapiga kura 500 wa wadi hiyo wanaomuunga mkono, na wasiwe wanachama wa chama chochote, na hapo ndo tulikwama vibaya manake mtu anakwambia mimi sina chama maisha yangu yote, ukimsaidia kuangalia kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, unakuta ameandikishwa chama ambacho hata hakijui, na lazima kwanza ajiondoe. Tukatembea wiki kadhaa kwa sahihi tu.

Sasa hivi nikiangalia nyuma naona zile sahihi ndo zilitufundisha kampeni. Ulikua huwezi kukaa kwa hema ukangoja watu, ilibidi uende kwa mlango wa mtu, ukae kwa mkeka, uulizwe maswali, utukanwe kidogo, uombe kitambulisho, urudi kesho manake baba mwenye nyumba hayupo. Tukajua kina mama hawapatikani kwa mkutano wa saa nane, wanapatikana kwa foleni ya maji alfajiri, na pale hakuna haja ya spika, unabeba mtungi wako unapanga foleni na wewe. Wazee unawapata mangweni, pale wanapokunywa mnazi, mchana lakini wende ukiwa na mzee mwenzao, ukienda wewe kijana na makaratasi watakusikiliza kwa adabu na wasikumbuke chochote. Matangani tulikubaliana tusishike maiki hata tukipewa, tunazika tunaenda nyumbani, na hilo watu walilisema sana manake wagombea wengine walikua wanageuza kaburi la mtu kua jukwaa.

Na daftari. Tulikua na daftari kubwa la kurasa nyingi, kila nyumba tuliyoingia imeandikwa tarehe, nani tulimpata, alisema nini. Sio ahadi ya kura, hapana, ahadi ya kura haina maana mtu anaahidi kila anaepita. Tuliandika alichosema kinamuuma. Mara ya pili ukirudi unamuuliza, yule mtoto alipata ile basari? Mtu anakuangalia tofauti kabisa. Ningeanza upya ningepunguza nyumba za mara ya kwanza nikaongeza za mara ya pili.

Haya, redio. Huku kwetu redio ndo gazeti, ndo televisheni, ndo kila kitu, inalia kwa duka, kwa boda, jikoni, shambani. Mtu akisema "imesemwa redioni" mjadala umeisha. Na sisi kwa kampeni yote ya miezi ile hatukua na mpango wowote wa redio isipokua mmoja, na huu naueleza ulivyo kwa sababu bila huu hadithi yangu ni ya uongo. Mwezi wa sita alikuja ripota wa stesheni moja ya huku Pwani, kijana mpole, akahudhuria mkutano wetu, akarekodi, mwisho akakaa karibu na mimi akaniambia dada, sasa nauli yangu. Nikampa elfu moja kutoka kwa pesa za kina mama. Jioni habari yetu ikatoka, nzuri, ndefu, mama anasikika kwa sauti yake anazungumza maji, tukashangilia. Mama alipojua nilichofanya alininyamazia siku mbili nzima. Halafu akaniambia umenunua kitu ambacho mwenzetu ana pesa nyingi za kukinunua kuliko sisi. Mimi nilijitetea kwamba ni nauli tu, kila mtu anatoa, na kweli kila mtu anatoa, hata NGO wakifanya semina bahasha ya wanahabari iko kwenye bajeti. Lakini ile kanuni ya maadili ya wanahabari iliyokua kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 ilikataza mwanahabari kupokea zawadi na hongo, na mimi sikua naijua, niliisoma baadae sana nikaona aibu.

Turudi Jumamosi usiku. Jambo gumu la usiku ule ni kwamba muda wa kampeni umekwisha, huwezi kupanda gari na spika useme jamani mama hajajitoa, ukifanya hivo wewe ndo umevunja sheria na wapinzani wako wanakungoja hapo hapo. Vijana walitaka tutoke usiku tu tuzunguke. Mama akakataa. Akasema tupige simu tu kwa watu wa lile daftari, mmoja mmoja, tuwaambie habari sio ya kweli, na tuandike barua. Nilikua na krediti ya duka langu, tukapiga mpaka saa sita za usiku, simu nne zinapokezana kwa chaja moja.

Kosa letu kubwa usiku ule, hakuna aliekua amerekodi. Habari ilisomwa tena saa tatu na hapo ndo kijana mmoja akawa ameweka simu karibu na spika akaipata, tena ikiwa na mlio wa saa mwanzoni na jina la stesheni, na hiyo rekodi ya dakika mbili ndo ilituokoa mpaka mwisho. Ingekua tumetegemea stesheni itupatie rekodi yao mpaka leo tungekua tunangoja.

Jumapili asubuhi tulipanda matatu mimi na mzee mmoja mwalimu mstaafu mpaka stesheni. Palikua na prezenta mmoja tu anapiga nyimbo za injili na mlinzi getini. Tukampa mlinzi barua, akasema hapokei, mwalimu akamwambia kwa upole mwanangu andika tu jina lako na saa hapa kwa nakala yetu, hujapokea, umeiona tu, akaandika. Edita tulimpata kwa simu. Alisema habari ilitoka kwa chanzo cha kuaminika. Mwalimu akamuuliza swali moja tu, mlimpigia mama? Kukawa kimya. Akasema tutaangalia. Hakututukana, nasema ukweli, alikua mtu aliechoka na ana wagombea mia wanampigia.

Jumatatu ya tarehe 8, siku moja kabla ya kura, wakasoma. Lakini ile Jumatatu ndo tume ilisimamisha uchaguzi wa ugavana Mombasa na Kakamega manake picha za wagombea zilikua zimechanganywa kwa karatasi za kura, kwa hivo Pwani nzima ilikua inazungumza Mombasa tu, sisi tukawekwa mwisho kabisa karibu na michezo. Na maneno yenyewe yalikua, nayakumbuka kwa moyo, "mgombea aliedaiwa kujiondoa amekanusha madai hayo". Amekanusha! Kanusha ni neno la mtu anaeshtakiwa. Aliesikia Jumamosi kwamba amejitoa, Jumatatu anasikia amekanusha, anajua tu kuna kitu, pengine walikosana bei. Hawakusema "tulikosea". Hawakusema "hatukumpigia". Ile kanuni ilisema habari ikiwa na makosa irekebishwe haraka, na marekebisho yaseme lililo kweli bila kurudia lile kosa isipokua pale ambapo haitaeleweka vinginevyo. Wao walirudia kosa na ukweli hawakuusema, walimwachia mama aubebe mwenyewe.

Siku ya kura maajenti wetu kwa vituo viwili walituambia watu wanaingia wanauliza, huyu mama si alijitoa, mbona yuko kwa karatasi? Wengine ni watu wa lile daftari kabisa. Tulishindwa. Sio kwa mbali sana lakini tulishindwa, na usiku ule pale kituo cha kujumlisha vijana walikua wanalia wakisema redio imetuua.

Hapa nataka kukaa kidogo manake ni mahali ambapo watu wengi hudanganyana. Sisi tulikua na picha za Fomu 36A za vituo vyote, ile fomu ya matokeo ya MCA ambayo ajenti anasaini na nakala moja inabandikwa mlangoni, tulikua tumewaambia maajenti hata ukinyimwa nakala piga picha ya mlangoni. Wiki moja baadae tukakaa na mwalimu tukaweka fomu upande mmoja na daftari upande mwingine, kituo kwa kituo. Na ikaonekana wazi. Vituo vya karibu na barabara na soko, ambako redio inalia kutwa, tulishinda karibu vyote, licha ya ile habari. Tulipopigwa vibaya ni vijiji vya ndani ambako tulienda mara moja tu ama hatukuenda, tukisema njia mbaya, mafuta hamna. Daftari kwa vijiji hivo lina kurasa mbili tatu. Kwa hivo redio ilituumiza kweli, vile vituo viwili vinaonyesha, lakini haikutushinda. Vijana hawakufurahia kusikia. Mmoja aliacha kuja mikutanoni mpaka leo, inaniuma, alikua mtu wa kazi sana.

Basi kwa nini tulienda kushtaki ikiwa hatukusema wametushinda? Kwa sababu mama alisema jina langu sio kura. Tukaandika kwa Tume ya Malalamishi iliyoundwa na ile Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari, haikuhitaji wakili wala pesa, ilihitaji tarehe, saa, maneno yenyewe yalivyosemwa, rekodi, nakala ya barua na jina la yule mlinzi na saa aliyoandika. Nilivyokua nimezoea hasira za Facebook barua yangu ya kwanza ilikua kurasa sita, na neno "hongo" mara nne, na hatukua na ushahidi wowote wa hongo. Mwalimu akaikata ikabaki ukurasa mmoja na nusu. Akanambia andika tu kile ambacho rekodi yenyewe itasema ukiicheza. Ikachukua miezi, lakini kabla hata ya kusikizwa stesheni yenyewe ikatupigia ikataka tuelewane. Wakatupa nafasi ya kipindi cha nusu saa bure, mama akasema sitaki kipindi, nataka taarifa ya saa moja jioni, pale pale mlipoisoma, mseme mlikosea. Wakasoma. "Tulikosea, hatukumtafuta mgombea kabla ya kutangaza." Tulikua tumekaa kwa duka langu, redio ile ile juu ya friji. Mama aliinuka akatoka nje, hakutaka tumuone.

Yule ripota wa mwezi wa sita alinitafuta baada ya hapo, tukakaa tukanywa chai ya tangawizi akanieleza. Barua ya uongo ilitumwa kwa grupu ya WhatsApp ya maripota jioni ile, ina sahihi na kila kitu, akaituma studio vile ilivyo. Nikamuuliza kwa nini hukunipigia na namba yangu unayo. Akasema hakua na krediti, na alikua ametuma habari tatu siku ile, yeye halipwi mshahara, analipwa kwa kila habari inayotoka, na hata hiyo inachelewa, akipiga simu tano kuthibitisha habari moja amekula hasara. Halafu akasema kitu ambacho kimenikaa mpaka leo. Alisema dada, mwezi wa sita nyinyi mlinipa elfu, wenzenu walikua washanipa elfu tatu. Hakusema kwa ubaya, alikua ananieleza bei. Na mimi sikua na la kumjibu manake ile elfu niliitoa kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwambia tu tusameheane.

Tokea hapo tukaanzisha kitu kidogo, hakina jina wala cheti. Kina mama wanane, kila mmoja ana siku yake ya kusikiliza taarifa ya asubuhi na ya jioni, anaandika kwa daftari ya shule: tarehe, saa, habari inayohusu wadi yetu, nani alisikika, nani hakusikika. Ikiwa sawa tunatuma ujumbe kwa edita, asante kwa habari ya leo, mlimhoji na mama wa sokoni. Ikiwa na kosa tunatuma ujumbe vile vile, na tunataja saa. Nawaambia ukweli ule ujumbe wa asante ndo umefanya kazi kubwa zaidi, manake edita anapokea lawama kutwa, akiona namba yetu anaifungua. Na tulikubaliana hakuna kutoa bahasha tena, ripota akija tunampa chakula kama mgeni yeyote na krediti ya mia kama anataka kumpigia mtu wa upande mwingine mbele yetu. Kuna walioacha kuja kwa sababu hiyo. Sawa tu.

Mwaka uliofuata redio ikatangaza kisima cha wadi yetu kimekamilika na wananchi wanafurahia maji. Yule mama wa zamu ya Jumatano anaishi pale pale, akaandika kwa daftari "mimi ndo mwananchi na sijafurahia". Kulikua na tenki, kibao, na bomba kavu. Tukaandika kaunti kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, na hii wengi hawaijui, sheria yenyewe inasema unaweza kuandika kwa Kiingereza ama Kiswahili, tukaandika Kiswahili safi: mkandarasi nani, amelipwa kiasi gani, nani alisaini kwamba kazi imekwisha. Wana siku 21 za kujibu. Hawakujibu, tukaandika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali, hapo karatasi zikapatikana haraka. Tukampelekea edita karatasi pamoja na picha ya bomba, bila maneno mengi. Akamtuma ripota, akafungua bomba maiki ikiwa wazi, na redioni ikasikika ile sauti ya bomba kavu, ssss, hewa tupu. Pampu ililetwa. Maji yanatoka siku tatu kwa wiki, sio kila siku, lakini yanatoka, na pale kisimani kina mama wakachagua kamati ya kukusanya shilingi tano kwa mtungi, mwenyekiti akawa nani, mama yetu.

Mwezi uliopita saa kumi na mbili na robo jioni simu yangu ikalia, yule ripota. Akanisalimia vizuri kisha akasema dada nina habari hapa, kuna watu wamelalamika kwamba kamati ya kisima haijasoma hesabu tangu Disemba na mwenyekiti ni mama yenu, nataka kusikia upande wenu kabla ya taarifa ya saa moja. Moyo ulinipiga. Neno la kwanza lililonijia mdomoni ni nani amekutuma, nikalimeza. Nikamwambia nipe dakika kumi. Nikampigia mama, akasema ni kweli, hatujasoma, tulikua tunangoja risiti za fundi wa pampu, mwambie ni kweli na mwambie hesabu itasomwa Jumapili baada ya ibada pale pale kisimani na yeye aje. Nikampigia nikamwambia hivo hivo. Saa moja tukakaa kwa duka tukasikiliza, akasoma malalamiko, akasoma jibu letu, akataja Jumapili na saa.

Jumapili alikuja na maiki yake, akapanga foleni ya kiti kama wengine, na mama akafungua daftari akaanza kusoma kuanzia tarehe moja Disemba.